Kununua kipande cha India ukiwa Kisumu: mwongozo wa mfuko wa hisa za nchi moja

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Kondele na Kibuye ni Boxer za Bajaj au TVS, na kampuni zote mbili ni za India. Dawa za Cipla na Sun Pharma unazozikuta kwenye maduka ya dawa zina asili huko huko. Laini ya Airtel, ukifuatilia mwenye nayo hatua kwa hatua, unafika kwa Bharti Airtel ya New Delhi. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa Nyalenda aliponiuliza, "Kama pesa zetu zinaenda India kila siku, mbona nisinunue kipande cha India ili zingine zirudi?" niliona swali lake lina msingi.

Jambo hilo linawezekana, kihalali, ukiwa hapa hapa Kisumu na kwa kiasi kisichotisha. Lakini anayenunua soko la nchi moja hununua vitu vitatu kwa mpigo: kampuni za nchi hiyo, sarafu yake, na maamuzi ya serikali yake. Wengi hutazama kampuni tu, kisha wanashangaa sarafu au serikali inapowala. Nimeandika mwongozo huu ili uvitazame vyote vitatu kabla shilingi yako ya kwanza haijaondoka nyumbani. Nitatumia India kama mfano, ila hatua ni zile zile kwa Brazili, Taiwan au Afrika Kusini.

Kinachouzwa ni nini

Fahirisi ni orodha ya hisa yenye kanuni zake: kampuni zipi ziingie na kila moja ibebe uzito gani. Ukisikia redioni kwamba NSE 20 imepanda au NASI imeshuka, hizo ni fahirisi za soko letu la Nairobi. Mfuko wa fahirisi hukusanya pesa za watu wengi na kununua hisa za orodha hiyo kwa uzito ule ule, bila meneja wa kuchagua anazozipenda. Mifuko inayouzwa sokoni kama hisa ya kawaida huitwa ETF, nami nitatumia jina hilo kwa kuwa ndilo utakaloliona kwenye skrini.

Fahirisi ya MSCI India ina kampuni zaidi ya 150. Zinazobeba uzito mkubwa ni kama HDFC Bank, Reliance Industries, ICICI Bank, Infosys na Bharti Airtel. Bajaj Auto, TVS Motor, Cipla na hospitali za Apollo, ambako Wakenya wengi wamewahi kupeleka wagonjwa, zimo pia ila kwa vipande vidogo. Kwa hiyo ukidhani unanunua pikipiki za Kondele, jua kwamba kwa kweli unanunua benki za Mumbai kwanza.

MSCI, kampuni inayotunga fahirisi nyingi zaidi za aina hii, huziita nchi kama India, China, Brazili, Taiwan na Meksiko masoko yanayoinukia. Kutoka Afrika wamo Afrika Kusini na Misri. Kenya iko ngazi ya chini yake, miongoni mwa masoko machanga.

Hatua ya kwanza: jua hii ni pesa gani

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kaa na daftari. Karo ya Januari haiendi India. Pesa ya kupalilia miwa Muhoroni au ya mbolea ya mpunga Ahero haiendi India. Kama una mkopo wa simu au wa SACCO, ulipe huo kwanza, kwa sababu riba unayoacha kulipa ni faida ya hakika na hakuna mfuko wa hisa unaoweza kukuahidi kitu kama hicho. Kisha weka akiba ya dharura ya miezi kadhaa mahali unapoweza kuitoa haraka, kwa mfano kwenye mfuko wa soko la fedha.

Kinachobaki ndicho tunachozungumzia, nacho kiwe pesa ambayo hutaigusa kwa miaka kumi hivi. Sisemi hivyo kukutisha. Mnamo Februari 2020 fahirisi ya Nifty 50, ambayo Wahindi wenyewe huifuata kila siku, ilikuwa juu ya pointi 12,000. Machi 23 ilifunga karibu na 7,600. Zaidi ya theluthi moja ilipotea ndani ya wiki chache, na ilipofika Novemba mwaka huo huo ilikuwa imerudi yote. Aliyeweza kungoja hakupoteza kitu. Aliyehitaji pesa Aprili aliuza kwa hasara ambayo haikurudi.

Linganisha pia na kilichopo nyumbani. Katikati ya mwaka 2024, bili za Hazina za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Wakati kama huo mtu analipwa vizuri kwa kukaa na shilingi yake, na kuipeleka India kunahitaji sababu nzito. Riba ikishuka hapa, hoja ya kutoka nje inapata nguvu.

Kiasi gani basi? Msimamo wangu ni kwamba nchi moja ya kigeni isizidi asilimia 5 hadi 10 ya akiba yako yote. Mwenye akiba ya shilingi 600,000 asipite 60,000 hata kwa mapenzi. Na kama huna mfuko mwingine wowote wa hisa, anza na wa dunia nzima, au angalau ule wa masoko yote yanayoinukia, ambao tayari una India ndani yake. Nchi moja ni nyongeza kwa mtu ambaye ameshasimama. Andika asilimia yako kwenye daftari leo, kabla bei haijaanza kukushawishi.

Hatua ya pili: pima kila kitu kwa shilingi

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa maana hapa ndipo watu makini huumia.

Chukua Brazili. Mei 2008 fahirisi ya São Paulo, Bovespa, ilikuwa karibu pointi 73,000. Mwisho wa 2024 ilikuwa karibu 120,000. Mtu wa São Paulo anasema soko limepanda, naye ana haki. Sasa tazama mfuko wa iShares MSCI Brazil, wenye alama EWZ, unaouzwa New York kwa dola tangu mwaka 2000. Mei 2008 kipande kimoja kilikaribia dola 100. Mwisho wa 2024 hakikufika dola 25. Mgao, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, uliolipwa katikati ulipunguza maumivu lakini haukuyafuta. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni sarafu: mwaka 2008 dola moja ilinunuliwa kwa takribani reali 1.65, na kufikia mwisho wa 2024 ilihitaji zaidi ya reali 6. Faida ya kampuni ilipatikana kwa reali, kisha reali yenyewe ikayeyuka.

Rupia ya India haijaanguka namna hiyo, ila nayo huteremka polepole. Mapema mwaka 2011 dola moja ilikuwa karibu rupia 45. Mwaka 2025 ilipita 85. Kwa hiyo ukisoma kwamba Nifty imepanda asilimia fulani, toa hapo mteremko wa rupia ndipo upate kilichomfikia mwenye dola.

Na wewe huishi kwa dola. Unanunua unga na kulipa karo kwa shilingi, kwa hiyo kuna sarafu ya tatu ya kuhesabu. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, watu wakiwa na hofu kwamba Kenya haitalipa Eurobond ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni mwaka huo. Februari serikali ilipata mkopo mpya wa Eurobond wa dola bilioni 1.5, hofu ikatulia, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Fanya hesabu na mimi. Umebadilisha shilingi 160,000 Januari ile ukapata dola 1,000. Tuseme mfuko wako umepanda asilimia 10, una dola 1,100. Ukizirudisha nyumbani kwa 130 unapata shilingi 143,000. Umechagua nchi vizuri, mfuko umepanda, na bado una hasara ya shilingi 17,000. Upande wa pili nao upo: aliyenunua dola mwaka 2019 kwa shilingi mia moja na kitu, akaja kuuza zikiwa 160, alipata faida nono hata kama mfuko wake haukusogea.

Sarafu haitabiriki, na anayekuambia anajua shilingi itakuwa wapi mwakani usimkabidhi pesa yako. Dawa yake ni mbili. Nunua kwa mafungu, kwa mfano mara mbili au tatu kwa mwaka, ili usinunue dola zote siku ambayo nchi nzima ina hofu. Na katika daftari lako weka safu tatu: bei ya mfuko, kiwango cha dola siku hiyo, na thamani kwa shilingi. Safu ya tatu ndiyo ya kufanyia uamuzi.

Hatua ya tatu: ichunguze serikali na bei

Urusi ilikuwa kwenye orodha ya masoko yanayoinukia kwa miaka mingi. Baada ya kuivamia Ukraine Februari 2022, soko la Moscow lilifungwa kwa wageni, vikwazo vikaja, na Machi 9 MSCI ikaiondoa Urusi kwenye fahirisi zake kwa bei inayokaribia sufuri. Mwenye mfuko wa masoko yote alipoteza asilimia chache. Mwenye mfuko wa Urusi peke yake alibaki na karatasi isiyouzika.

Mfano wa karibu na sisi ni Nigeria. Kampuni zake hazikufa, na Walagosi waliendelea kununua saruji na kufungua akaunti za benki. Tatizo lilikuwa wageni kushindwa kutoa dola zao nje. Mwaka 2024 MSCI iliiondoa Nigeria kwenye masoko machanga, na mwaka huo huo mfuko wa Global X uliofuata soko la Nigeria ulifungwa. Mfuko ukifungwa, wewe hurudishiwa pesa yako, lakini kwa bei ya siku hiyo, hata kama ulipanga kungoja miaka kumi.

Sidhani India iko karibu na hali hizo mbili. Lakini siasa yake hutikisa bei. Juni 4, 2024, kura zilipokuwa zikihesabiwa na ikadhihirika kwamba chama cha waziri mkuu Narendra Modi hakitapata wingi wa viti peke yake, Nifty ilishuka karibu asilimia 6 kwa siku moja. Na kuna Adani. Januari 2023 kampuni ya utafiti ya Marekani, Hindenburg Research, ilichapisha tuhuma dhidi ya kundi la Adani, na hisa za kundi hilo zikapoteza zaidi ya dola bilioni 100 za thamani. Wakenya tunalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mpango wa kulikabidhi uwanja wa JKIA, ambao Rais Ruto aliufuta Novemba 2024. Kampuni za Adani zimo ndani ya MSCI India. Mfuko wa fahirisi haukupi nafasi ya kusema "hii sitaki". Kama dhamiri yako haikubali kumiliki hata kipande chake, afadhali ulijue hilo kabla ya kununua.

Kisha bei. Nyumba ya kupangisha Mamboleo huwezi kuinunua kwa sababu tu ni nzuri. Unauliza kodi yake ya mwaka mzima itarudisha bei kwa miaka mingapi. Hisa ni hivyo hivyo: gawanya bei kwa faida ya mwaka. Kwa miaka ya karibuni soko la India limekuwa likiuzwa kwa zaidi ya mara 20 ya faida, wakati Brazili mara nyingi imekuwa chini ya mara 10. Haimaanishi Brazili ni bora. Maana yake ni kwamba matumaini mengi ya India yamekwisha kulipiwa ndani ya bei, na unayenunua leo unalipia ukuaji ambao bado haujaja.

Usiamini pia kwamba uchumi ukikua mwenye hisa lazima anone. MSCI China ilianza na pointi 100 mwishoni mwa mwaka 1992. Mwishoni mwa 2023, baada ya ukuaji ambao dunia haijawahi kuuona, bado ilikuwa chini ya 100 kwa dola, ukiacha mgao. Kampuni ziliuza hisa mpya mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo keki iliyokua ilikatwa vipande vingi zaidi. Anayekuuzia mfuko kwa takwimu za ukuaji wa uchumi peke yake amekupa nusu ya habari.

Hatua ya nne: chagua mfuko wenyewe

Nchi moja huwa na mifuko kadhaa, na tofauti zake si ndogo. Anza na mahali mfuko umesajiliwa, maana hapo ndipo kodi ilipo.

Mfuko uliosajiliwa Marekani, kama iShares MSCI India wenye alama INDA, hukatwa asilimia 30 ya mgao kabla haujakufikia, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato. Zaidi ya hapo, mgeni asiyeishi Marekani akifa akiwa na mali ya kule inayozidi dola 60,000, zikiwemo hisa na mifuko, warithi wake wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Wengi wetu hatufiki kiasi hicho, lakini akiba ya miaka ishirini inaweza kufika.

Mfuko uliosajiliwa Ireland chini ya kanuni za Ulaya ziitwazo UCITS, na kuuzwa soko la London, hauna kodi hiyo ya mirathi ya Marekani, wala Ireland haimkati mgeni mgao. Kwa hiyo kwa Mkenya mimi huanzia London. Iko iShares MSCI India UCITS, alama NDIA, yenye ada ya karibu asilimia 0.65 kwa mwaka, na Franklin FTSE India UCITS, alama FLXI, yenye ada ya karibu asilimia 0.19. Kwa shilingi 500,000 tofauti hiyo ni kama 2,300 kila mwaka. Ada hubadilika, kwa hiyo ithibitishe kwenye karatasi ya taarifa ya mfuko siku unayonunua.

Kodi ya India yenyewe huikwepi. Tangu Julai 2024, faida ya hisa zilizouzwa kabla ya mwaka mmoja hukatwa asilimia 20, na za muda mrefu zaidi asilimia 12.5. Mfuko hulipa kwa niaba yako, ndiyo sababu utauona ukibaki nyuma ya fahirisi yake kwa zaidi ya ile ada. Linganisha mapato ya mfuko na ya fahirisi kwa miaka mitatu hadi mitano. Pengo hilo ndilo gharama ya kweli.

Katika karatasi hiyo hiyo soma mambo mengine matatu. Kampuni kumi za juu zinabeba asilimia ngapi? Ukitaka kujua kwa nini nauliza, itazame NASI yetu, ambayo Safaricom peke yake ikikohoa inashuka. Taiwan nako TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta na simu, ina uzito wa aina hiyo. Mfuko una ukubwa gani? Mdogo mno huweza kufungwa. Na je, unamiliki hisa zenyewe, au una mkataba na benki inayoahidi kulipa kama fahirisi? Nchini India nachagua unaomiliki hisa zenyewe.

Mwisho, kuna mifuko inayolipa mgao na ile inayourudisha ndani, yaani kuutumia kununua hisa zaidi. Kama huhitaji pesa ya matumizi, chukua inayourudisha ndani; inakupunguzia kazi na gharama.

Hatua ya tano: fungua akaunti

Dalali wa kimataifa kama Interactive Brokers hupokea wakazi wa Kenya na ana mlango wa kuingia London. Zipo pia programu za simu za hapa nyumbani zinazokupeleka masoko ya nje. Kwa hizo, kwanza tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, kisha uliza: hisa zitaandikwa kwa jina la nani, zinatunzwa na nani, na nikitaka kuhama nazo nafanyaje? Ukizungushwa kwenye maswali hayo matatu, ondoka. Na yeyote anayekuingiza kwenye kundi la WhatsApp akiahidi faida ya kila wiki haiuzi India, anakuuza wewe.

Utahitaji kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA, na uthibitisho wa makazi. Huu wa mwisho huwasumbua watu wa huku, kwa sababu stima ni ya tokeni na anwani zetu ni sanduku la posta, na madalali wengi hawakubali sanduku la posta kuwa makazi. Bili ya maji ya KIWASCO yenye jina lako inaweza kusaidia. La sivyo, nenda benki uombe taarifa ya akaunti inayoonyesha mtaa unaoishi. Hakikisha majina yamepangwa sawasawa kwenye kila karatasi. Kama kitambulisho kina majina matatu na benki mawili, rekebisha kwanza. Utajaza pia fomu W-8BEN ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipa kodi wa Marekani.

Hatua ya sita: tuma pesa na ununue

Gharama kubwa hapa ni benki. Utalipa ada ya kutuma kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma pesa nje ya nchi, na utapoteza kidogo kwenye kiwango cha kubadilisha dola. Piga simu benki mbili tatu, uliza kiwango cha kuuza dola saa hiyo hiyo, kisha linganisha. Tuseme ada ni shilingi 3,000: ukituma 10,000 umeacha asilimia 30 njiani, ukituma 150,000 umeacha asilimia 2. Kwa hiyo kusanya pole pole kwenye mfuko wa soko la fedha hapa, kisha utume kwa fungu moja. Tuma kutoka akaunti yenye jina lako mwenyewe, maana dalali hurudisha pesa zinazotoka kwa mtu mwingine.

Saa ya kununua nayo ina maana. Soko la Mumbai kwa saa zetu hufunguliwa saa moja kasorobo asubuhi na kufungwa saa saba mchana. London hufunguliwa saa tano asubuhi wakati wa baridi yao, na saa nne wakati wa kiangazi chao. Kwa hiyo kabla ya saa saba mchana masoko yote mawili yako wazi, wafanyabiashara wanaijua bei halisi ya hisa za India, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa jembamba. Ukinunua New York jioni, Mumbai imelala tayari na bei ni ya kukisia.

Weka agizo lenye kikomo cha bei: unaandika "nanunua vipande kadhaa, bei isizidi hii". Agizo lisilo na kikomo kwenye mfuko usio na wanunuzi wengi linaweza kukupa bei ya kusikitisha. Angalia pia sarafu ya agizo, kwani mfuko mmoja unaweza kuuzwa London kwa dola na kwa pauni chini ya alama tofauti. Umeleta dola, chukua wa dola.

Hatua ya saba: kuishi nao, na kutoka

Tazama daftari lako mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Kama India imepanda hadi ikapita asilimia uliyoandika, uza kilichozidi au elekeza akiba mpya kwingine. Imeshuka chini yake, ongeza, ikiwa sababu zako za hatua ya tatu bado zimesimama. Serikali ikianza kuwazuia wageni kutoa pesa, usingoje bei ipone.

Vyama vingi vinaniuliza kama vinaweza kununua pamoja. Usiruhusu mweka hazina anunue kwa jina lake kwa niaba ya wanachama kumi na wawili. Akifa au akikosana nanyi, dalali anamtambua yeye tu, na warithi wake watakuwa na haki kuliko kumbukumbu za mikutano. Ama chama kisajiliwe na kifungue akaunti ya taasisi, ama kila mtu afungue yake na mkutane kulinganisha madaftari.

Mwambie mke au mume wako, au mtoto mkubwa, kwamba akaunti ipo. Andika jina la dalali, nambari ya akaunti na barua pepe unayotumia, uyaweke pamoja na hati ya shamba. Neno la siri usiliandike hapo.

Siku ya kuuza ikifika, dalali atatuma dola kwenye akaunti ya benki yenye jina lako. Fungua akaunti ya dola mapema kwenye benki yako, kwa sababu dola zikiingia kwenye akaunti ya shilingi benki huzibadilisha siku hiyo kwa kiwango chake. Zikiwa kwenye akaunti ya dola unaweza kuuliza bei benki tatu, au kungoja, au kubadilisha nusu kwa karo ya muhula huu na kuiacha nusu.